Baba anasinzia mchana kutwa, nami naambiwa ni uzee

Mama Mshauri, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia. Nina baba mwenye umri wa miaka 81. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi kilichomwacha na udhaifu wa upande wote wa kushoto, na tangu hapo kumbukumbu yake imekuwa ikififia kidogo kidogo, ingawa bado anatutambua sote na siku nyingine huzungumza kwa ufasaha kama zamani. Nilimtunza nyumbani kwangu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alipoanguka mara ya pili nikiwa kazini, nami nikiwa sina tena nguvu za kumnyanyua kutoka sakafuni, tuliafikiana yeye, mimi na ndugu zangu wawili kwamba ahamie katika makao ya wazee. Huu ni mwezi wa tisa yuko huko.

Miezi ya mwanzo nilishukuru. Kulikuwa na mhudumu mmoja aliyemzoea, aliyejua kwamba baba hapendi kushikwa kabla hajaelezwa anachotaka kufanyiwa, na kwa mhudumu huyo baba alikuwa mtulivu. Miezi mitatu iliyopita aliacha kazi, na sasa kila niendapo nakuta uso mpya. Nikimtembelea baba mchana, namkuta kitini akisinzia, kidevu kifuani, na kumwamsha ni kazi. Mkanda wake wa suruali umetobolewa tundu mbili mpya. Bilauri ya maji huwekwa mezani upande wake wa kushoto, upande ule ule usio na nguvu, na kila nikifika naikuta imejaa pomoni. Siku moja nilimkuta amefungwa kwenye kiti kwa shuka iliyopitishwa tumboni na kukazwa nyuma, nikaambiwa kwamba ni kwa usalama wake, asianguke.

Wiki iliyopita nilimvua soksi ili nimkate kucha, nikaona kisigino cha kushoto kina baka la zambarau iliyokolea, pana kama sarafu kubwa. Nilipomgeuza niliona pia ngozi iliyochubuka juu kidogo ya makalio. Nilimwonyesha mhudumu wa zamu, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba ni uzee, kwamba ngozi ya wazee ni nyepesi. Kuhusu kusinzia alisema kwamba siku hizi baba anapumzika vizuri, kwani zamani alikuwa akisumbua usiku.

Kaka yangu mkubwa ananiambia kwamba nisilalamike, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshikilia apelekwe huko. Mdogo wangu naye anasema tukiinua sauti watamlipizia baba tukishaondoka. Nikimuuliza baba mwenyewe kama anatunzwa vizuri, hutazama kwanza mlangoni, kisha hunijibu, "Sijambo mwanangu, usiwasumbue watu."

Je, natia chumvi? Nitajuaje kipi ni uzee na kipi ni uzembe? Niseme nao vipi bila baba kuja kulipia maneno yangu? Au nimhamishe tu?

Binti mwenye hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Hutii chumvi. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na wazee, na barua yako ina mambo ambayo yangenifanya nivae viatu usiku ule ule. Kwa hiyo nitaanza na lisiloweza kungoja, na hayo mengine yatafuata.

Lisilongoja ni kisigino. Baka la zambarau kwenye kisigino cha mtu aliyepooza, hata kama ngozi haijapasuka, linaweza kuwa ishara kwamba nyama iliyo karibu na mfupa imekwisha kuumia na kwamba ngozi ndiyo ya mwisho kupata habari. Kesho, si wiki ijayo, omba muuguzi mwenye dhamana au daktari alitazame pamoja nawe, aandike upana wake na rangi yake, na aseme litashughulikiwaje. Wakati mnasubiri, kisigino hicho kisiguse kitu chochote: mto uwekwe kwa urefu chini ya shavu la mguu, kisigino kikae hewani, na goti lisinyooshwe kwa kulazimishwa. Asitokee mtu wa kulisugua baka hilo kwa mafuta akidhani anarudisha damu, kwa sababu kusugua nyama iliyoumia huizidishia madhara.

Ni vyema uelewe kinachotokea, maana ukikielewa hutatishwa tena na neno uzee. Mtu mwenye afya, hata akiwa usingizini, hujigeuza mara nyingi bila kujua. Asiyeweza kujigeuza hubaki na uzito wake wote ukiikandamiza nyama iliyo kati ya mfupa na godoro, damu haipiti vizuri, na nyama isiyofikiwa na damu hufa. Kwa mtu dhaifu jambo hilo linaweza kuanza ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana vidonda hivi, ambavyo wengi huviita vidonda vya kulalia, hupenda visigino, nyonga, viwiko, na sehemu ya chini ya mgongo karibu na kifandugu, ambako umeiona ile ngozi iliyochubuka. Huanza na wekundu usiokwisha: ukiubonyeza kwa kidole ngozi nzima hupauka kisha hurudia rangi yake, lakini ngozi iliyokwisha kuumia haipauki. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo tafuta mahali palipobadilika rangi kuliko pembeni yake, palipo na joto au ubaridi usio wa kawaida, pagumu au palipolegea, au panapomfanya ashtuke ukipagusa. Hapo ndipo pa kuziba ufa. Kikifika daraja la nne, kidonda huwa shimo linaloweza kuonyesha mfupa, na kukiponya huchukua miezi, pengine kisipone.

Hatari hii hupimwa, haibahatishwi. Mwaka 1987 wauguzi wawili wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, walichapisha kipimo ambacho hadi leo hutumika katika nchi nyingi. Kinatazama mambo sita: kama mtu anahisi mgandamizo, kama ngozi yake ina unyevu, anatembea kiasi gani, anaweza kubadili mkao mwenyewe kiasi gani, anakula vipi, na kama mwili wake husuguliwa au huburutwa kwenye shuka anapohamishwa. Alama ni kuanzia 6 hadi 23, na kadiri zinavyopungua ndivyo hatari inavyokua. Kwa kawaida aliye na 18 au chini yake huhesabiwa kuwa hatarini. Mtu wa miaka 81 aliyepooza upande mmoja alipaswa kupimwa siku aliyoingia, na kupimwa tena kila hali yake ilipobadilika. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: alama za baba zilikuwa ngapi alipofika, ni ngapi leo, na baada ya kuzijua walifanya nini? Zamani wauguzi tulifundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Siku hizi muda huo hupangwa kulingana na mtu na aina ya godoro lake, lakini lazima upangwe, uandikwe, na kila anayemgeuza aandike saa na ubavu aliomlaza. Kusema kweli, wapo wagonjwa, hasa walio katika siku zao za mwisho, ambao hupata vidonda hata wakitunzwa kwa uangalifu wote. Muuguzi wa mgonjwa kama huyo atakueleza kwa nini, na atakuonyesha alichokuwa akikifanya kila siku. Hatakuambia kwamba ni uzee, akaishia hapo.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonitisha kuliko baka lenyewe. Umeambiwa kwamba siku hizi anapumzika vizuri, kwani zamani alikuwa akisumbua usiku. Mwanangu, mzee anayehangaika usiku ana sababu, hata kama hawezi kuitaja. Huenda ana maumivu, kibofu kimejaa, hajapata choo kwa siku kadhaa, ana kiu, ana maambukizi ya njia ya mkojo, au ameamshwa gizani na mtu asiyemjua. Umesema mwenyewe kwamba baba hapendi kushikwa kabla hajaelezwa, na kwamba aliyelijua hilo aliondoka miezi mitatu iliyopita. Naomba ulinganishe tarehe hiyo na tarehe ambayo dawa yoyote mpya ilianza.

Omba orodha kamili ya dawa zake: jina la kila dawa, kipimo chake, inatibu nini, nani aliiandika na lini. Ukiona dawa ya usingizi, au mojawapo ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maradhi ya akili yenye kuona na kusikia visivyokuwapo, uliza ni ya nini. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kuagiza kwamba dawa za kundi hili la pili ziandikwe onyo kali, kwa kuwa zimeonekana kuongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1991, daktari wa wazee aitwaye Mark Beers aliongoza kutungwa kwa orodha ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo inapowezekana, na orodha hiyo ya kwanza ilitungwa mahsusi kwa ajili ya watu wanaoishi katika makao kama anayoishi baba yako. Si kwamba dawa hizo hazitolewi kamwe. Wakati mwingine mtu anateseka au anahatarisha wengine, na njia nyingine zimeshindwa. Lakini dawa inayotolewa ili zamu ya usiku ipite kimya ni kamba isiyoonekana. Na tafadhali usimsimamishie dawa wewe mwenyewe, wala usimshawishi aiteme, kwa maana baadhi ya dawa zikikatizwa ghafla huleta madhara makubwa. Mwombe daktari azipitie zote, moja baada ya nyingine.

Daktari huyo pia ahakikishe kwamba usingizi huu si ugonjwa. Wengi tunajua kwamba mzee mwenye maambukizi au upungufu wa maji mwilini anaweza kuchanganyikiwa ghafla, akapiga kelele na kuona vitu visivyokuwapo. Wachache wanajua kwamba kuchanganyikiwa huko kunaweza kuja kimya kimya, mtu akawa mzito, mvivu wa kujibu, mwenye kusinzia saa zote. Aina hii ya kimya hupitwa mara nyingi zaidi, kwa sababu haimsumbui mtu yeyote.

Naamini umeyaona mambo haya manne kama manne. Mimi nayaona kuwa moja. Anayesinzia hajigeuzi, na asiyejigeuza hupata vidonda. Anayesinzia hanywi maji wala hamalizi sahani yake, na asiyekula hana cha kujengea ngozi mpya, hivyo kidonda hakifungi. Anayelishwa akiwa nusu usingizini anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Anayefungwa kitini hukosa hata kule kujiinua kidogo ambako kungepumzisha makalio yake. Ukishika kiungo kimoja tu cha mnyororo huu na kuomba kirekebishwe, vingine vitaendelea kuvuta.

Ile bilauri, kwa mfano. Uzee hupunguza hisia ya kiu, kwa hiyo mzee anaweza kukaukiwa bila kuomba maji. Na baadhi ya waliopatwa na kiharusi hupoteza hata ufahamu wa upande ulioathirika, ikawa kitu kilichowekwa huko ni kama hakipo. Aliyeiweka hapo hakumchukia baba, ila hakuna aliyemwambia. Iwekwe kulia, na aandikwe mtu wa kumpa mkononi, si wa kumwekea. Uliza pia kama uwezo wake wa kumeza uliwahi kupimwa baada ya kiharusi, na kama huketishwa wima anapokula na kwa angalau nusu saa baadaye. Kuhusu mkanda wenye tundu mpya, omba daftari la uzito. Kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, bila kukusudia, ni jambo ambalo waganga wa wazee hulichukulia kuwa la hatari; kwa mtu aliyekuwa na kilo 70, hizo ni kilo 3.5 kwa mwezi au kilo 7 kwa nusu mwaka. Kama hapimwi kila mwezi, umekwisha kupata jibu la aina yake.

Na shuka ya tumboni itolewe leo. Imani kwamba kumfunga mzee kunamlinda ni ya zamani na bado inashikwa na watu wenye nia njema, lakini ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 1992 Mary Tinetti na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika makao ya wazee nchini Marekani, na waliofungwa hawakuonekana kuepukana na majeraha makubwa ya kuanguka. Iliyoonekana ni dalili ya kinyume chake. Aliyefungwa hudhoofika misuli, hupambana na kifungo, na anaweza hata kunyongwa nacho akiteleza. Miaka mitano kabla ya hapo, sheria ya nchi hiyo hiyo ilikwisha kutamka kwamba mkazi wa makao ana haki ya kutofungwa kwa kamba wala kwa dawa kwa ajili ya adhabu au ya kuwapunguzia kazi wahudumu. Makao yanayojua kazi yake hufanya mengine: hushusha kitanda, humvalisha mzee viatu visivyoteleza, humpeleka chooni kwa saa maalumu kabla hajajaribu kwenda peke yake, huacha taa hafifu usiku, huhakikisha miwani iko usoni na kengele iko mkono wenye nguvu. Jambo hili la mwisho lichunguze uendapo. Sitashangaa ukiikuta kengele nayo iko kushoto.

Unauliza utasema nao vipi. Hofu ya mdogo wako siidharau. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wafanyakazi wawili kati ya watatu waliohojiwa katika taasisi za kutunza wazee walikiri wenyewe kwamba walitenda aina fulani ya unyanyasaji katika mwaka uliotangulia, na kupuuza mahitaji ya mtu nako kunahesabiwa humo. Lakini katika maisha yangu yote ya kazi sikuona mzee aliyelindwa na ukimya wa watoto wake. Niliowaona wakilindwa ni wale ambao ndugu zao walikuwa wakionekana, leo asubuhi, keshokutwa saa ya chakula cha jioni, Jumapili usiku wakati wa kulaza, bila ratiba inayoweza kukisiwa. Kaka yako mkubwa anayekulaumu mpe zamu ya usiku. Simsemei kwa ukali. Mtu aliyewahi kumgeuza baba yake na kuona kifandugu kilichochubuka huwa hana tena haja ya kuuliza ni nani aliyempeleka wapi.

Halafu andika barua, fupi na ya adabu, kwa msimamizi wa makao, ukiomba kikao juu ya mpango wa matunzo wa baba, akiwapo muuguzi mkuu na, ikiwezekana, daktari. Taja tarehe ulizoona kila kitu. Piga picha ya kisigino, kwa idhini ya baba, na uandike siku na saa. Katika kikao usianze na "mnamnyanyasa", kwa sababu neno hilo litawafanya wajitetee wao badala ya kumzungumzia yeye. Anza na "nionyesheni". Nionyesheni karatasi ya kumgeuza, daftari la uzito, orodha ya dawa. Uliza usiku mhudumu mmoja ana wazee wangapi, maana mhudumu aliyeachiwa watu wengi kuliko mikono yake hawezi kuwageuza wote hata akiwa na moyo wa dhahabu, na kosa hilo ni la anayepanga zamu. Yule aliyekujibu kwa upole kwamba ni uzee, usimfanye kuwa mshitakiwa. Huenda ndivyo alivyofundishwa, au hakufundishwa kabisa. Mwondoke mkiwa mmeandika nani atafanya nini na lini mtakutana tena, na siku hizo ziwe chache.

Utayajua makao hayo kwa namna watakavyolifungua jalada. Wakikuwekea karatasi mezani, hata zikiwa na mapengo, wakakubali kwamba hapa walipitiwa na kukueleza watakachobadilisha, hao ni watu wa kufanya nao kazi. Sakafu inayong'aa na maua ya mapokezini hayana uzito mbele ya hilo. Ila zitazame karatasi zenyewe kwa makini. Mahali pamoja nilipowahi kufanya kazi nilikuta, saa mbili za usiku, karatasi ya kuwageuza wagonjwa imekwisha kutiwa alama hadi alfajiri, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Usiku huo nilizunguka mwenyewe kitanda kwa kitanda, na sijasahau nilichokiona chini ya mashuka. Alama zilizolingana mno, zisizo na saa ya kuchelewa hata moja, zikutie shaka.

Kuhama nimekuachia mwisho kwa sababu si dawa ya haraka. Mzee ambaye kumbukumbu yake inafifia hushika mahali kwa mazoea, na kumhamisha ghafla kunaweza kumwongezea kuchanganyikiwa na kuanguka; pia unaweza kumtoa kwa wahudumu wachache na kumpeleka kwa wachache zaidi. Wape nafasi ya kikao kimoja na marekebisho ya siku chache. Lakini wakikataa kukuonyesha jalada, kidonda kikipanuka au kutoa harufu na usaha, akipata homa, ukiona michubuko isiyo na maelezo, au mtu yeyote akimtishia, usingoje kikao cha pili. Mpeleke hospitali kwanza, kisha toa taarifa kwa mamlaka inayotoa leseni za makao na kwa ofisi ya ustawi wa jamii, na kama amepigwa, kwa polisi.

Kabla ya hayo yote, mwanangu, kuna mtu ambaye hajaulizwa sawasawa. Baba hutazama mlangoni kabla ya kukujibu, na anachokujibu ni cha kukulinda wewe. Mtoe chumbani. Msukume kwenye kiti chake hadi nje mahali pasipo na masikio, wakati wa siku ambao huwa macho zaidi, ukae upande wake wa kulia na uwe kimya kidogo. Usimuulize kama anatunzwa vizuri, kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu la heshima. Muulize ni nani anayemwosha, na mikono yake ikoje. Muulize usiku akibonyeza kengele huja nani, na baada ya muda gani. Muulize ni zamu ya nani anayoingoja, na ni ya nani asiyoipenda. Mweleze unachotaka kukifanya, na umwombe ruhusa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee, zilizopitishwa mwaka 1991, zinataja mambo matano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na heshima. Kushiriki kumetajwa kabla ya kutunzwa, na mimi nadhani ndivyo inavyofaa. Siku ya kikao awepo kitini mwake mezani, hata kama atasinzia katikati ya maneno, kwani asiyekuwapo na lake halipo, na msimamizi anayezungumza juu ya mtu aliye mbele yake huzungumza kwa namna nyingine.

Hukumtupa baba yako. Ulikuwa huwezi kumnyanyua, naye mwenyewe alikuwamo katika uamuzi. Kumtunza hakukukoma siku alipoingia pale. Wewe ndiye uliyemvua soksi.

Niandikie baada ya kikao, na uniambie kisigino kina rangi gani.